Vita vya Angani Vilivyoamuliwa Ardhini

Tarehe 3 Februari 1941, kapteni wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 22 alidungua ndege nne za Italia kwa siku moja, upande wa Afmadu, ng'ambo ya mpaka ambao leo unatenganisha kaunti ya Garissa na Somalia. Tatu zilikuwa Caproni Ca.133 za kubeba mabomu, na ya nne Fiat CR.42, ndege ndogo ya kivita. Jina lake John Everitt Frost, na wenzake walimwita Jack. Vitabu vya vita vimemtunza vizuri: vinataja nishani zake, kikosi chake, na idadi ya ndege alizoangusha hadi alipopotea jangwani mwaka uliofuata. Humo Frost huonekana kama mtu aliyening'inia hewani, hana chini. Nchi aliyoruka juu yake, ile inayoanzia mto Tana, ikapita Ijara na Sangailu na kuingia Jubaland, hutajwa kama vichaka na joto tu, kisha msimulizi anarudi angani haraka. Nadhani simulizi hiyo imepinduka. Ukifuata ushahidi uliopo, utaona kwamba mafanikio ya Frost katika anga hii yaliamuliwa zaidi na maji, petroli na majira ya mwaka kuliko na shabaha yake, na waliotafuta maji na kubeba petroli walifanya sehemu kubwa ya vita ambavyo yeye anasifiwa kwavyo.

Tuanze na mahali penyewe. Sangailu iko katika eneo bunge la Ijara, ndani ya kaunti ya Garissa, kwenye nchi tambarare inayoelekea Hulugho na mpakani. Wafugaji wa Kisomali ndio wengi, na jirani yao ni msitu wa Boni wenye watu wake. Ukiuacha mto Tana nyuma hukutani na mto mwingine wa kutegemewa hadi Juba. Katikati ni visima, malambo na subira ya mvua. Mpaka wenyewe ulikuwa mchanga wakati Frost alipofika. Kismayu na Jubaland yote ilikuwa sehemu ya Kenya hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia kama fidia ya ahadi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mwaka 1940 mzee mwenye mifugo pande zote mbili alikuwa ameshuhudia malisho yake yakihamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine pasipo yeye kuulizwa lolote. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, mstari ule wa ramani ukageuka uwanja wa mapambano. Siku tatu baadaye ndege za Caproni zilishambulia Wajir kwa mabomu, na Julai Waingereza wakaondoka Moyale. Upande wa Kenya ulikuwa na ndege chache, baadhi yake zikiwa Fury za mabawa mawili ambazo zama zake zilikuwa zimepita. Kikosi cha 3 cha jeshi la anga la Afrika Kusini, alimokuwa Frost, kilifika baadaye kikiwa na Hurricane, na kikatawanywa katika viwanja vya vumbi vya kaskazini na mashariki ya nchi.

Hurricane ilikuwa mashine ya kuheshimika: bunduki nane za rashasha mabawani na mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Matangi yake lakini yalichukua takriban lita 440 tu, na kwa kubana matumizi iliweza kuruka kama kilomita 800 hivi. Piga hesabu. Kutoka Garissa mjini hadi Afmadu kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 290, yaani 580 kwenda na kurudi. Kinachobaki kinaonekana kutosha, mpaka ukumbuke kwamba rubani anayepigana haruki kwa kubana matumizi. Injini iliyofunguliwa hadi mwisho hunywa mafuta maradufu na zaidi, na dakika kumi za kukimbizana zinaweza kummaliza mtu aliye mbali na nyumbani. Ndiyo sababu ilibidi viwanja vya mbele visafishwe karibu na mpaka, miti ya miiba ing'olewe, ardhi isawazishwe, na mapipa yafichwe vichakani. Ndege sita zikijazwa mara moja zinataka mapipa 13 ya lita 200. Zikiruka mara mbili kwa siku, mapipa 26, na hapo hujahesabu oili, risasi, vipuri, chakula cha mafundi, wala mafuta ya lori lenyewe lililoleta mapipa. Barabara ya Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, na mwaka 1940 haikuwa na lami. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Hapa tungesema pia vyaruka vimebebwa, pipa baada ya pipa.

Maji yalikuwa shida kubwa kuliko petroli, maana petroli ilikuwepo mahali fulani na ilihitaji kusafirishwa tu, ilhali maji ilibidi kwanza yapatikane. Mafundi, madereva, walinzi, askari wa miguu na injini za malori vyote vilikunywa. Jenerali Alan Cunningham, aliyekabidhiwa majeshi ya Kenya mwishoni mwa mwaka 1940, alikuwa na nia ya kuitwaa Kismayu, lakini mwanzoni aliamua kwamba isingewezekana kabla ya Mei, mvua zikishapita. Sababu kubwa haikuwa wingi wa Waitalia wala ndege zao. Ilikuwa kwamba nchi kavu kati ya Tana na Juba isingeweza kunywesha idadi ya watu aliotaka kuwapitisha. Mfugaji yeyote wa Ijara angemweleza hivyo bure. Baadaye alibadili mawazo, na ni vizuri kuangalia kwa nini. Wahandisi wa Afrika Kusini walikuwa wamechimba visima na kukwangua barabara, usafiri ulikuwa umeongezeka, shambulio dogo la El Wak katikati ya Desemba lilikuwa limeonyesha kwamba adui hana moyo, naye akapunguza idadi ya brigedi za kwenda mbele ili maji yatoshe. Hivyo mashambulizi yakaangukia Januari na Februari, kiangazi chenyewe, wakati barabara ni ngumu na malori hayazami. Frost hakuchagua kuwa juu ya Afmadu tarehe 3 Februari. Siku hiyo ilipangwa na vyombo vya kuchimba visima na kalenda ya mvua.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa akina nani? Wahandisi weupe, ndiyo. Lakini pia askari wa King's African Rifles, vikosi vya kazi vya Afrika Mashariki vilivyobeba na kulima barabara, na madereva wa Cape Corps, kikosi cha Waafrika Kusini ambao sheria ya kwao iliwaita Machotara na kuwakataza kushika bunduki vitani. Kabla ya vita kwisha, takriban watu laki moja kutoka Kenya peke yake walikuwa wamevaa sare za aina moja au nyingine. Upande wa Italia ulikuwa na wenyeji wake vilevile, dubat wa Kisomali wenye vilemba vyeupe, waliolinda mpaka huohuo. Hakuna hata mmoja kati ya hao, wa upande wowote, aliyeruhusiwa kuketi kwenye kiti cha rubani. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilikuwa la weupe watupu. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yangu kwa sababu ndilo lililoamua ni kazi gani ingeandikwa kwa majina na ipi ingeandikwa kwa idadi ya vichwa.

Kisha kuna adui aliyedunguliwa. Caproni Ca.133 ilikuwa na injini tatu na mwendo wa karibu nusu ya ule wa Hurricane. Iliundwa kwa vita vya kikoloni, kudondosha mabomu na mizigo mahali ambapo hakuna wa kuizuia, na Waitalia waliitumia hivyo Ethiopia. Ikikutana na bunduki nane angani mchana kweupe, haikuwa na pa kukimbilia. CR.42 ilikuwa hatari zaidi, nyepesi kugeuka, lakini nayo ilikuwa ya mabawa mawili na ya polepole kuliko Hurricane. Muhimu zaidi, Waitalia walikuwa wamefungiwa. Uingereza ilishikilia mfereji wa Suez na njia za bahari, kwa hiyo ndege mpya za kivita zilifika Afrika Mashariki zikiwa vipande vipande ndani ya ndege kubwa za mizigo kupitia Libya. Walianza vita na ndege zaidi ya 300 katika himaya yao ya Ethiopia, Eritrea na Somalia. Kila iliyopotea au kukosa tairi au kipuri ilikuwa vigumu kuirudisha hewani. Rubani wa Italia aliyekutana na Frost alikuwa ameshashindwa nusu yake na meli ambazo hazikufika bandarini.

Mpinzani wangu wa kwanza atasema ninamdhulumu mtu. Ndege polepole hazijidungui zenyewe, na marubani wengine walipewa Hurricane hizohizo, anga hiyohiyo na mapipa hayohayo, wasifikie alichofikia Frost. Ni kweli, na sikusudii kuikwepa. Ndani ya kikosi kimoja, tofauti kati ya rubani na rubani ni ya mtu mwenyewe: macho, subira ya kukaribia kabla ya kufyatua, ujasiri. Frost aliongoza orodha ya marubani wote waliopigana ndani ya vikosi vya Afrika Kusini katika vita vile, akiwa na ndege takriban 15. Lakini mfuate hadi Libya, alikopelekwa kuongoza Kikosi cha 5. Huko aliruka Tomahawk ya Kimarekani dhidi ya Messerschmitt za Wajerumani, na mizani ikageuka: sasa yeye ndiye aliyekuwa na ndege ya polepole, na adui ndiye aliyechagua lini apigane na lini aondoke. Alikuwa mtu yuleyule, mwenye uzoefu zaidi kuliko alivyokuwa Garissa. Tarehe 16 Juni 1942, akisindikiza ndege za mabomu karibu na Bir Hacheim, hakurudi. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja atimize miaka 24. Si yeye wala ndege yake iliyowahi kupatikana. Ustadi ulimtofautisha na wenzake; mashine na mahitaji ndivyo vilivyomtofautisha na adui, na vita huamuliwa na tofauti hii ya pili.

Kuna kisa kimoja ambacho hutajwa kila mara dhidi ya hoja za namna hii, nami nakipenda. Tarehe 15 Machi 1941, Frost akishambulia uwanja wa ndege wa Diredawa nchini Ethiopia, ndege yake ilipigwa kutoka ardhini naye akalazimika kutua karibu na adui. Luteni Robert Kershaw alimwona, akatua chini ya risasi, Frost akaruka ndani. Kiti kilikuwa kimoja. Frost alikalia mapaja ya Kershaw na kushika usukani, Kershaw akashughulikia magurudumu na mabapa ya mabawa, na hivyo wakapaa watu wawili katika ndege ya mtu mmoja. Kershaw alipewa nishani ya DSO, wa kwanza katika jeshi la anga la Afrika Kusini kuipata. Hakuna pipa la petroli linaloeleza uamuzi wa kijana kushuka kwenye mvua ya risasi kumfuata mwenzake, na simpendi mwandishi anayejifanya kwamba lipo. Hata hivyo mtu akiuliza kwa nini jambo hilo liliwezekana, atajikuta amerudi chini. Hurricane ilikuwa na miguu iliyotanuka, ikistahimili kutua penye mashimo ambapo Spitfire, yenye miguu ya karibukaribu, ingeweza kupinduka. Sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyofunikwa kwa kitambaa, kitu ambacho fundi angeweza kukishona na kukipaka rangi chini ya mgunga, pasipo karakana. Sifa hizo hazikumfanya Kershaw kuwa jasiri. Zilifanya ujasiri wake uishie kwenye nishani badala ya kwenye kaburi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni Afmadu yenyewe. Ngome ile ilipigwa mabomu kutoka angani siku kadhaa, na askari wa miguu walipoingia tarehe 11 Februari waliikuta imeachwa. Walinzi wake walikuwa wametawanyika porini. Siku tatu baadaye Kismayu ikatwaliwa, na tarehe 25 Februari Mogadishu. Je, si anga iliyoshinda ardhi? Nakubali kwamba mabomu yaliwavunja moyo walinzi, na kwamba marubani wa kivita kama Frost ndio waliozuia Caproni zisiwafanyie hivyohivyo wanajeshi waliokuwa wakisogea kwenye nchi isiyo na pa kujificha. Lakini tazama kilichoendelea baada ya hapo. Kutoka Juba, majeshi yalikwenda kasi kuliko maghala yao. Hesabu za mafuta za Garissa zisingeweza kulisha kikosi cha ndege Ethiopia, mwendo wa mamia ya kilomita zaidi. Kilichowaokoa ni kwamba Mogadishu walikuta petroli ya Waitalia: takriban galoni 350,000 za magari na galoni 80,000 za ndege, ambazo hazikuwa zimechomwa. Galoni 80,000 zinajaza matangi ya Hurricane zaidi ya mara 800. Kabla ya wiki tatu kupita Frost alikuwa juu ya Diredawa, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikawa imeingiwa. Nikitakiwa nitaje tukio moja lililozifungulia Hurricane njia ya kaskazini, nitataja maghala hayo kabla ya pambano lolote la angani. Na ni kejeli kwamba upande uliokuwa na mafuta ndio uliokosa ndege za kuyatumia.

Msomaji wa leo ana kipimo kingine, kilicho karibu zaidi na kumbukumbu yake. Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilivuka mpaka kutoka kaunti hii ya Garissa, likielekea Afmadow na Kismayo, malengo yaleyale ya Cunningham. Jeshi la anga la Kenya, lililoundwa mwaka 1964, lilikuwa na ndege za kivita aina ya F-5 zinazopita mwendo wa sauti, zikirushwa na Wakenya, dhidi ya adui ambaye hakuwa na ndege hata moja. Ubora wa angani ulikuwa kamili kuliko Frost alivyoweza kuota. Afmadow haikutwaliwa hadi mwisho wa Mei 2012, na Kismayo miezi minne baada ya hapo. Mwaka 1941 ngome hiyohiyo ilitwaliwa katikati ya Februari, wiki chache tangu majeshi yaanze kusogea. Sitaki kulilinganisha hili kijuujuu. Al-Shabaab, adui huyo, hawakupigana kama Waitalia, waliacha mji na kurudi usiku. Palikuwa na siasa za Somalia na za majirani. Na jeshi la kisasa halina ruhusa ya kufanya kila lililofanywa mwaka 1941. Lakini sababu moja ni ileile ya zamani. Safari ile ilianza Oktoba, mvua za vuli zikiingia, na magari yakazama kwenye udongo mweusi kabla ya kufika mbali. Cunningham alikuwa ameiogopa mvua kuliko Waitalia.

Haya yote yana matokeo katika namna tunavyokumbuka. Frost hana kaburi, lakini jina lake limechongwa kwenye ukumbusho wa Alamein, Misri, miongoni mwa waliopotea. Kwa vita vya kwanza, watawala wa Kenya waliweka sanamu jijini Nairobi mwaka 1928 na kumsimamisha mpagazi pamoja na askari, kuonyesha kwamba walijua ni nani aliyebeba. Majina ya wapagazi wenyewe, hata hivyo, hayakuandikwa, na mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo waliachwa nje ya kumbukumbu zake. Vita vya pili viliwaandikisha watu kwa utaratibu bora, kwa namba, mishahara na sare, kwa hiyo kazi ya kuwatafuta ni nyepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Shajara za vikosi vya wahandisi, vya usafiri na vya kazi huandika mambo ambayo shajara za marubani hazina nafasi nayo: kisima kilichotoa maji ya chumvi, lori lililokatika ekseli, mapipa yaliyofika yakiwa yamevuja, siku kiwanja kilipokuwa tayari kupokea ndege. Mtafiti anayetaka kueleza kilichotokea juu ya Ijara na Afmadu mwanzoni mwa 1941 angefanya vyema kuanzia hapo, kisha awaulize wazee wa Sangailu, Hulugho na Liboi visima gani baba zao walivionyesha au walilazimishwa kuvionyesha, na nani aliyelipwa. Orodha ya Frost ilishaandikwa zamani.